Asta kwenye bustani ya nyumbani: mwongozo kamili kwa tunaoishi karibu na ikweta

Nyuma ya pakiti nyingi za mbegu za asta zinazotoka nje kuna maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya bustani za Ulaya: sia ndani ya nyumba mwezi Machi, hamishia nje baridi kali ikiisha, subiri maua mwishoni mwa kiangazi. Mkulima wa Arusha au Limuru akiyafuata, mbegu zitaota vizuri na miche itashika, lakini baada ya hapo mmea unaweza kubaki umechuchumaa, ukatoa ua kwenye kikonyo kifupi kisichofika hata mdomo wa glasi. Atalaumu udongo, kisha mbegu, kisha ataongeza mbolea. Mara nyingi tatizo haliko huko. Asta hupima urefu wa mchana, na mchana wetu haurefuki.

Katikati ya Juni, London hupata mchana wa saa zaidi ya kumi na sita. Desemba haufiki saa nane. Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote kwa mwaka mzima ni kama dakika kumi tu. Arusha haifiki nusu saa. Mbeya, kwa kuwa iko kusini zaidi, ni saa moja hivi. Kwa asta hilo ni jambo kubwa: mchana mrefu ndio unaoiambia irefushe shina. Ikikosa ishara hiyo, aina nyingi ndefu hutandaza majani chini na kuharakisha kutoa maua zikiwa bado fupi.

Kwa hiyo kuna njia mbili: kuchagua aina fupi ambazo hazihitaji kurefuka, au kuuongeza mchana kwa taa. Zote mbili zinawezekana nyumbani, na taa si ghali kama watu wanavyodhani.

Chagua aina kwanza

Jina asta linabeba mimea ya makundi mawili ambayo matunzo yake hayafanani.

La kwanza ni asta ya China, Callistephus chinensis. Huishi msimu mmoja: unasia, inachanua, inakufa. Maua yake ni makubwa, mengine yamejaa petali kama pomponi, na rangi ni nyeupe, waridi, nyekundu, zambarau na buluu. Hii ndiyo inayopatikana kwa urahisi kama mbegu. Kuna aina fupi za sentimita 20 hadi 30, zinazofaa vyungu na kingo za njia, na aina ndefu za sentimita 60 na zaidi, ambazo hupandwa kwa ajili ya kukata.

La pili ni asta za kudumu, ambazo nyingi asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wataalamu wa mimea wamezihamishia jenasi ya Symphyotrichum, ingawa madukani bado zinaitwa asta. Maua yake ni madogo na mengi, yenye kitovu cha njano. Humo ndimo zilimo zile asta ndogo nyeupe na za zambarau ambazo wauza maua hutumia kujazia shada. Hizi hazipandwi sana kwa mbegu. Unapata kipande cha shina lenye mizizi kutoka kwa mtu au kitalu, na shina hilo likishatulia linakupa maua kwa miaka.

Kama hujawahi kupanda asta, anza na asta fupi ya China. Haina haja ya taa, na itakufundisha tabia za ukoo huu kwa gharama ndogo. Soma pakiti vizuri kabla ya kulipa: tafuta urefu wa mmea na tarehe ya mwisho ya kutumia mbegu. Mbegu za asta huzeeka haraka. Zikipita mwaka mmoja au miwili uotaji hushuka sana. Pakiti iliyokaa dirishani mwa duka ikipigwa jua iache hapo hapo, hata ikiwa ya bei nafuu.

Mahali panapofaa

Kipimo changu ni pareto, ambayo ni ya ukoo mmoja na asta. Panapostawi pareto, asta haitakupa shida: Njombe, Mbeya, miinuko ya Arusha na Kilimanjaro, Molo, Limuru. Lushoto, Iringa, Nairobi na Kabale pia ni mahali pazuri. Asta hupenda mchana wa nyuzi 18 hadi 25 na usiku wa ubaridi. Joto likizidi 30 kwa muda mrefu maua hupungua ukubwa na rangi hufifia.

Pwani ni habari nyingine. Mwenye kiwanja Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anaweza kujaribu asta fupi katika vyungu, akisia mwishoni mwa Mei ili mimea ikue wakati wa kipupwe, na akiiweka mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane mchana. Atapata maua, ila yasiwe ndiyo tegemeo la bustani yake. Kwa kitanda kikubwa cha pwani zinia hulipa zaidi.

Nyanda za juu, chagua sehemu inayopata jua saa sita au zaidi kwa siku, yenye upepo wa kupitisha hewa lakini usio wa kuangusha mimea. Usipande chini ya paa linalomwaga maji. Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: tazama usiku panakuwaje. Taa ya ulinzi inayomulika kitanda hadi asubuhi itazichanganya asta za kudumu, kwani hizo zinahitaji usiku mrefu wenye giza ili zitoe matumba. Kama taa hiyo haizimwi, panda hapo asta ya China.

Udongo, na sheria ya miaka mitano

Asta inataka udongo tifutifu usiotuamisha maji, wenye pH (kipimo cha tindikali ya udongo) kati ya 6 na 7. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi inua tuta sentimita 20 juu ya njia. Kitanda cha upana wa mita 1 kinatosha. Mkono utafika katikati bila kukanyaga ndani. Lima kwa kina cha jembe, kisha changanya samadi iliyooza kabisa, nusu ndoo hadi ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magonjwa. Udongo wenye tindikali, kama ule wa sehemu nyingi za mashamba ya chai, unahitaji chokaa ya kilimo wiki chache kabla ya kupanda.

Sasa sheria ambayo haina mjadala: usirudishe asta ya China pale pale ilipokuwa msimu uliopita. Kuna ukungu wa fuzari unaoishambulia asta hiyo, na ukishaingia ardhini hubaki kwa miaka. Mmea unaonekana mzima wa afya, unafika karibu na kuchanua, kisha upande mmoja unanyauka wakati udongo una unyevu wa kutosha. Ukilikata shina karibu na ardhi unakuta mistari ya kahawia ndani. Dawa ya kuuponya mmea huo haipo. Ng'oa na mizizi yake, choma, na mahali hapo pumzisha asta kwa miaka minne au mitano. Panda mahindi, vitunguu au maharage. Chora ramani ndogo ya bustani kwenye daftari na uandike kila kitanda kilikuwa na nini. Mwenye kiwanja kidogo asiyeweza kuhamahama apande kwenye vyungu na abadilishe udongo kila msimu. Zipo pia aina zilizozalishwa kwa ustahimilivu wa mnyauko huu, na pakiti husema hivyo. Ni bora, ingawa hazikuondolei haja ya kubadilisha mahali.

Kusia mbegu

Gramu moja ya mbegu za asta ya China ina mbegu zaidi ya mia nne, kwa hiyo pakiti ndogo ni nyingi kwa bustani ya nyumbani. Usizimwage zote kwa mara moja, sababu nitaieleza kwenye kukata.

Tumia trei ya miche au sanduku la mbao lenye matundu chini. Changanya sehemu mbili za mboji iliyochekechwa na sehemu moja ya mchanga safi wa mtoni. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka hadi ulowe wote, uache upoe kabisa na maji ya ziada yatoke. Kazi hii inapunguza kinyausi, ule ugonjwa unaoikata miche shingoni ikalala kama imefyekwa, na asta changa hushikwa nao upesi.

Chora mistari, weka mbegu zikiachana kidogo, funika kwa nusu sentimita ya mchanganyiko. Zikifukiwa zaidi ya hapo nyingi hazitatoka. Weka trei kwenye kivuli chepesi na uifunike kwa gazeti lenye unyevu. Kwenye nyuzi 18 hadi 21 mbegu huota baada ya siku 8 hadi 14. Anza kuchungulia siku ya sita. Ukiona hata mche mmoja, ondoa gazeti siku hiyo hiyo, la sivyo miche itarefuka bila nguvu ikitafuta mwanga.

Maji ya miche yawe asubuhi tu, na kidogo. Njia nzuri ni kuitumbukiza trei kwenye beseni lenye maji machache ili udongo unywe kutoka chini, kisha uitoe. Miche ikisongana punguza kwa kukata na mkasi mdogo. Kung'oa hutikisa mizizi ya jirani.

Kuhamishia bustanini

Miche ikiwa na majani halisi manne hadi sita, yaani wiki nne hadi sita tangu kusia, iko tayari. Wiki moja kabla, izoeze jua: saa mbili siku ya kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo na upunguze maji.

Hamisha jioni au siku ya mawingu. Aina fupi ziachane sentimita 20, ndefu 25 hadi 30, na asta za kudumu 40 au zaidi kwa sababu zinatanuka. Toa mche na udongo wake, uuweke kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye trei; shingo ikifukiwa huoza. Bana udongo kwa vidole, mwagilia hapo hapo. Pembeni ya shina weka kola ya karatasi ngumu iliyozama sentimita 2 kama eneo lako lina sota, yaani viwavi wanaokata mashina, kwa sababu sota mmoja anaweza kukata miche kadhaa kwa usiku mmoja.

Kuhusu msimu: kwa kuwa hatuna baridi ya kuua, unaweza kupanda karibu mwezi wowote penye maji. Kinachoharibu asta zetu ni mvua nyingi juu ya maua yaliyofunguka. Kaskazini mwa Tanzania ninapendelea kusia Aprili, ili mimea ikue masika yakiisha na maua yafunguke kwenye ukavu wa Julai na Agosti. Huko Mbeya na Njombe, anayetaka kunufaika na mchana mrefu kidogo wa Desemba atalazimika kupambana na mvua. Taa ni rahisi zaidi.

Taa

Wakulima wa maua ya kuuza nje nchini Kenya huwasha taa usiku juu ya vitanda vya asta za kujazia shada. Nyumbani unafanya hivyo hivyo kwa udogo. Lengo si kuupa mmea chakula, kwani jua la mchana limeshafanya kazi hiyo. Lengo ni kuudanganya kwamba usiku ni mfupi, na kwa hilo mwanga hafifu unatosha.

Kwa kitanda cha mita 1 kwa 2 tundika balbu mbili za LED za wati 9 au 10, mita 1 juu ya majani, kila moja ikiwa na kofia ya bati ya kurudisha mwanga chini. Zipandishe kadiri mimea inavyorefuka. Kupima kama mwanga unatosha, shika gazeti usawa wa majani. Ukisoma bila kukaza macho, basi. Washa kuanzia saa kumi na mbili jioni, kabla giza halijaingia, hadi saa nne usiku. Hapo mmea unahesabu mchana wa saa kumi na sita. Taa ya sola inafaa pia ikiwa inaweza kukaa saa nne bila kufifia.

Gharama? Balbu ya wati 10 kwa saa nne ni uniti 0.04. Wiki sita za kila usiku hazifiki uniti mbili za Luku kwa balbu moja. Kinachohitaji pesa na umakini ni waya: tumia wa nje, na viungio vyote viwe juu, mbali na maji ya kumwagilia.

Muda hutofautiana. Asta ndefu ya China anza kuimulikia tangu miche ikiwa kitaluni, uendelee mpaka ifike sentimita 50 hivi. Asta za kudumu anza zikishashika bustanini, au baada ya kuzikata kurudi chini, na uzime zikifika sentimita 30 hadi 40. Ukizima, zima kweli. Matumba ya asta za kudumu huja kwa sababu usiku umerefuka ghafla, na maua hufunguka wiki sita hadi nane baadaye. Ukisahau ukawasha siku mbili tatu katikati, matumba yatachelewa na hayatafunguka kwa pamoja.

Matunzo ya kila wiki

Mizizi ya asta iko juujuu, kwa hiyo haivumilii kiu, lakini pia huoza kwenye tope. Chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu kwa kina cha pingili mbili, mwagilia. Maji yaende kwenye udongo, yasilowanishe majani. Tandaza nyasi kavu sentimita 5, zisiguse shina. Palilia kwa mkono au kijembe kidogo bila kuchimba.

Mbolea usizidishe. Naitrojeni nyingi huleta majani laini yanayopendwa na wadudu, na maua machache. Kama uliweka samadi ya kutosha, kiganja kimoja cha NPK kwa mita ya mraba mimea ikianza kurefuka, kisha basi.

Asta za kudumu zikifika sentimita 15 hadi 20, kata kilele cha kila shina ili zitoe matawi. Asta ya China hutawanya matawi yenyewe, iache. Ukitaka ua moja kubwa kwa shina, ondoa matumba ya pembeni yakiwa madogo. Aina ndefu ziwekee vijiti vya mianzi kwenye pembe za kitanda na kamba za kupita mapema, mimea ikiwa chini ya goti, kwa sababu shina likishaanguka huinuka limepinda.

Wadudu na magonjwa mengine

Vidukari hukaa kwenye ncha changa. Waondoe kwa maji ya nguvu au maji ya sabuni ya kipande, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni iliyokunwa kwa lita moja. Thripsi, wadudu wembamba wadogo sana, huacha mikwaruzo myeupe kwenye petali na ni wagumu kwa kuwa hujificha ndani ya tumba. Dawa za pareto husaidia zikipigwa jioni, nyuki wakisharudi. Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu na vumbi, chini ya majani.

Ubwiri unga, yaani unga mweupe juu ya majani, huzisumbua zaidi asta za kudumu zilizosongamana. Panua nafasi, kata mashina dhaifu ya katikati, ondoa majani ya chini.

Ukiona mmea umegeuka manjano, machipukizi mengi membamba yamesongamana na maua yanatoka ya kijani yenye umbo baya, huo ni umanjano wa asta. Unaenezwa na vidudu vidogo vinavyorukaruka ukigusa majani, na haitibiki. Ng'oa siku hiyo hiyo. Saladi na karoti huugua pia, kwa hiyo usizipande ubavuni mwa asta.

Kukata

Kutoka kusia hadi ua la kwanza, asta ya China huchukua miezi mitatu hadi minne. Kata asubuhi na mapema, kwa kisu kikali, petali za nje zikiwa zimefunguka na kitovu bado kimebana. Tumba lililofungwa kabisa halitafunguka ndani ya chupa. Kwa asta za kudumu, kata tawi likiwa na maua kadhaa yaliyofunguka. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa kuwa majani ya asta huoza haraka na kuyanukisha maji. Badilisha maji kila siku ya pili, ukate ncha kidogo, na shada litakaa wiki nzima na zaidi.

Asta ya China ikishakatwa haichipui tena ikakupa duru ya pili ya maana. Ndiyo sababu ya kutomwaga pakiti yote: sia mbegu hamsini leo, nyingine baada ya wiki tatu, nyingine tena baada ya hapo. Mwenye harusi au sikukuu ya kanisani mbele yake ahesabu wiki kumi na nne kurudi nyuma, na asie mafungu mawili, moja wiki mbili kabla ya tarehe hiyo ya kusia aliyoipata na moja tarehe hiyo yenyewe.

Kugawa mashina na kuweka mbegu

Asta za kudumu zikimaliza kuchanua zikate zibaki sentimita 10. Kila baada ya miaka miwili au mitatu chimbua shina zima. Utaona katikati pamekuwa pagumu kama mti na machipukizi yenye nguvu yako pembezoni. Gawa kwa kisu au ncha ya jembe, kila kipande kiwe na machipukizi matatu hadi matano na mizizi yake, panda mara moja mahali pengine, na kitovu kile kikuukuu ukitupe. Vipande vinavyozidi mgawie jirani.

Kwa asta ya China, acha maua mawili matatu ya mmea bora yakauke juu ya shina mpaka yatoe manyoya. Yachume siku kavu, yaanike kivulini juu ya gazeti kwa wiki moja, pukuta mbegu na uzitie kwenye bahasha yenye jina, rangi na tarehe. Kama mbegu ulizonunua zilikuwa chotara, kizazi hiki hakitafanana na mama. Usichukue mbegu kutoka kitanda kilichowahi kuona mnyauko, hata kama mmea huo wenyewe unaonekana mzima, kwa sababu ukungu huo husafiri na mbegu pia. Bahasha ziweke kwenye kopo lisilopitisha hewa, sehemu ya baridi, na uzisie ndani ya mwaka huo.